Mlima Haumjui Shujaa

Bujumbura imelala kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mkazi wake amezoea joto la bonde la Rusizi na chandarua cha usiku. Apandapo Bugarama kwenda Muramvya hutafuta sweta, na hata kilele cha nchi nzima, Mlima Heha, hakifiki mita 2,700. Kwa hiyo mtu aweza kuzaliwa, kukua na kuzeeka Burundi bila ya kujua kwamba kimo peke yake chaweza kumwua kijana mwenye afya kamili.

Ni jambo la kufikiriwa na kila jamaa yenye mtu India, kwa kuwa vijana wa Burundi huenda huko kwa masomo, na wagonjwa huenda kwa matibabu. Aliyekwisha kufika Delhi aweza kutamani kuiona Ladakh, nchi ya milima mitupu iliyo kaskazini kabisa, iliyotengwa na Jammu na Kashmir mwaka 2019, ikawa chini ya serikali kuu. Huko watawa wa dini ya Budha wamejenga makao yao, yaitwayo gompa, juu ya majabali. Mji wake wa Leh uko mita 3,500 hivi, na katika soko lake msikiti wa kale umesimama chini ya jumba la wafalme. Ni safari njema, lakini yataka maandalizi ya namna ambayo msafiri wa pwani ya ziwa hakuyazoea.

Hatari yenyewe huanzia kwenye ndege. Delhi haifiki mita 250. Uwanja wa ndege wa Leh uko zaidi ya mita 3,200, na mwendo wa angani ni kama saa moja na nusu. Katika kimo cha Leh msukumo wa hewa ni kama theluthi mbili tu ya ule wa pwani ya bahari, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kadiri hiyo. Mwili unaweza kuzoea, lakini wataka siku kadhaa. Asiyeupa siku hizo hushikwa na maradhi ya mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu, kukosa hamu ya chakula na usingizi.

Askari aweza kudhani kwamba kifua kilichozoea mbio za alfajiri kitamwokoa. Jeshi la India lilijifunza kinyume chake kwa gharama kubwa. Katika vita vya mwaka 1962 kati ya India na China, askari walichukuliwa kwa haraka kutoka nyanda za chini hadi vilele vya Himalaya, na wengi waliangushwa na kimo kabla ya kuangushwa na risasi. Mwaka 1969 daktari wa jeshi hilo, Inder Singh, pamoja na wenzake, walichapisha taarifa ya askari 1,925 waliougua maradhi hayo. Hawa walikuwa vijana waliochaguliwa kwa afya yao. Nguvu za misuli hazimkingi mtu. Pengine humdhuru, kwa kuwa mwenye nguvu huona haya kupumzika.

Tangu hapo jeshi hilo limeweka kanuni. Askari afikaye kati ya mita 2,700 na 3,600 hukaa siku 6, mbili za kwanza zikiwa za mapumziko, kisha matembezi yakiongezwa kidogo kidogo. Akitakiwa kupanda hadi mita 4,500 huongezewa siku 4, na juu ya hapo siku 4 nyingine. Wapagazi wa Kilimanjaro wamekuwa wakiwaambia wageni jambo hilo hilo kwa maneno mawili tu: pole pole.

Basi msafiri na ahesabu likizo yake kwa uangalifu. Likizo ya siku 14 si siku 14 za matembezi. Siku mbili kamili za kwanza Leh ni za kupumzika, kunywa maji ya kutosha na kula chakula chepesi, bila ya pombe wala vidonge vya usingizi. Baada ya hapo, asilale usiku mmoja zaidi ya mita 500 juu ya alipolala usiku uliotangulia. Ziwa la Pangong, linalowavuta wageni wengi, liko zaidi ya mita 4,200. Kulala huko moja kwa moja kutoka Leh ni kuivunja kanuni hiyo. Asiyekuwa na siku za kutosha heri asiende, au achague safari nyingine.

Kabla ya kuondoka Bujumbura kuna mambo ya kutimiza. La kwanza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India huwadai cheti hicho wasafiri watokao Burundi, na chanjo sharti iwe imetimiza siku 10. Asiye nacho aweza kutengwa hadi siku 6. La pili ni kumwona daktari. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, na mama mjamzito, wasithubutu bila ya ruhusa yake. Ugonjwa wa selimundu wakataza safari hii, na hata aliyerithi chembe yake kwa mzazi mmoja tu, bila ya kuugua maisha yake yote, aweza kudhurika bandama akiwa juu sana. Familia yenye historia hiyo yafaa ipime damu kwanza. Daktari pia aweza kutoa dawa ya asetazolamidi ya kuusaidia mwili kuzoea, lakini ni dawa isiyofaa kuazimwa kwa jirani.

La tatu ni malaria. Msafiri aweza kuibeba katika damu bila ya kujua, naye akafikia kuumwa kichwa Leh. Akipata homa kali asisingizie kimo. Na apimwe, amweleze daktari kwamba ametoka nchi ya mbu.

Kwa mavazi, mama wa nyumba aweza kuokoa fedha kwa kupekua mitumba, akitafuta koti zito, sweta mbili, soksi za sufu, glovu na kofia ya masikio. Hata wakati wa kiangazi usiku ni wa baridi, na mwezi Januari Leh huganda vibaya. Miwani ya jua ni ya lazima, kwani mwanga wa huko huunguza macho.

Wote, aendaye na abakiye, wazijue dalili za hatari. Mtu anayehema akiwa ameketi, anayekohoa povu, anayepepesuka kama mlevi au kusema maneno yasiyofuatana, huyo hangojewi hadi asubuhi. Ateremshwe mara moja, usiku huo huo, apewe oksijeni ikiwapo. Wala asiachwe peke yake ati amelala. Jamaa wa nyumbani nao waachiwe ratiba kamili na majina ya malazi, kwa kuwa simu hukatika katika mabonde yale, na ukimya wa siku mbili usigeuke kilio.

Lililobaki ni adabu. Wenyeji husalimiana kwa neno juley. Ukuta wa mawe ya sala huzungukwa ukiwa mkono wa kuume. Viatu na kofia huvuliwa mlangoni mwa gompa, na watawa hawapigwi picha bila ya idhini. Mgeni akikaribishwa chai ya siagi na chumvi, na aonje kwa heshima, kama vile ambavyo angependa mgeni wake aonje mukeke wa Tanganyika.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Katika nchi ya juu, mwenda pole ndiye arudiye nyumbani kwa watoto wake.