CHUMBA CHA MAKTABA SI STOO YA SARUJI



Tumesikia wapo wajumbe wanaotaka kukipangisha chumba cha maktaba kwa mfanyabiashara wa saruji. Eti vitabu vimeliwa na mchwa, eti vitu vya wazee ni makorokoro. Sisi tunasema HAPANA, na kwenye mkutano mkuu tutasema hivyo hivyo.

Makorokoro gani? Ile mizani ya pamba pale kona? Ushirika wa Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwa sababu ya mizani! Wanunuzi waliwapunja wazee wetu ratili kwa ratili mpaka wakachoka, wakaungana, akina Paul Bomani wakiwa mbele, na mwaka 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama vya Jimbo la Ziwa. Kijana akipunjwa leo tutamwonyesha nini? Mfuko wa saruji?

Halafu zile leja. Fungueni kurasa za mwanzo: dole gumba, dole gumba, dole gumba. Mbele yake zinaanza sahihi. Hapo katikati ilipita elimu ya watu wazima, baada ya 1970 kutangazwa kuwa mwaka wake. Mama zetu walitoka shambani na jembe begani wakaingia darasani, na vile vitabu vililetwa kwa ajili yao. Basi mtu atatenganishaje vitabu na leja? Vikae nyumba moja, anayesoma habari za pamba ageuke aishike mizani kwa mkono wake.

Vyama vikuu vilivunjwa 1976, sheria ya 1982 ikavirudisha. Leja zetu zilivuka miaka yote hiyo, leo ndiyo zishindwe na saruji?

Wanaosema makumbusho ni mambo ya Dar es Salaam waende Bujora, pale Kisesa, wakaone ngoma na vigoda vya Wasukuma. Si mbali, na nauli si kisingizio.

Kodi hatuikatai. Paa la ghala linavuja, tunaliona. Lakini chumba cha dawa za pamba kiko tupu; saruji iingie humo. Na mchwa, jamani, hawakualikwa na vitabu. Rafu zimegusa ukuta na hakuna aliyenunua dawa.

Jumamosi asubuhi tunaanika vitabu juani. Njoo na ufagio. Mwenye picha ya zamani au jembe la babu alete, tutaliandika jina la mwenyewe. Aliye na ufunguo aulete pia.