Madeni Yetu kwa Mama Lishe wa Mpanda

Wanachama wenzetu, twaandika habari hii hali tukijua kwamba wengi wenu haitawapendeza, na pengine wako watakaoikunja karatasi hii kabla ya kufika katikati. Na waikunje. Jambo tulitakalo kulisema limekwisha kuwa aibu ya watumishi wote wa mji huu wa Mpanda, wala si aibu ya mtu mmoja au wawili, na aibu ya wote haifai kunong'onwa barazani tu.

Mtumishi apatapo barua ya kuhamia kwetu, aghalabu huipokea kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Wenzake humwambia kwamba amepelekwa mwisho wa reli. Maneno hayo ni kweli, maana reli itokayo Kaliua hukomea hapa hapa. Lakini wao hawayasemi kwa kueleza njia, huyasema kwa dharau. Basi afikapo hulaumu vumbi, hulaumu jua, hulaumu hata maji ya kuoga, na aulizwapo kama ameutembea mji hujibu kwamba hakuna cha kutembelea. Sisi twasema kwamba mtu huyo ama hana macho, ama hataki kuyatumia.

Na atoke asubuhi moja aende Soko Kuu. Atakuta mchele uliotoka upande wa Mpimbwe, na mahindi na maharage na mihogo ya Katumba na Mishamo, na asali ya misitu ya Inyonga, ambayo muuzaji atamwonjesha kwa kijiti kabla ya kusema bei. Atakuta dagaa na migebuka waliotoka ziwani Tanganyika kwa njia ya Karema na Ikola. Na akija wakati wa mvua atakuta uyoga wa porini, ambao wenyeji huujua kwa majina, huu wa kukaanga na huu wa kupika kwa karanga. Atasikia Kibende, Kikonongo, Kifipa, Kisukuma, Kiha na Kirundi, na wote hao wakipatana bei kwa Kiswahili. Kisha aende Majengo na Makanyagio, na asisahau kata iitwayo Mpanda Hotel, ambayo imemsumbua mgeni zaidi ya mmoja akitafuta hoteli mahali ambapo ameonyeshwa kata nzima. Adhuhuri na aketi kwenye benchi la mama lishe ale ugali wa moto na mgebuka wa mchuzi. Jioni atanusa mishikaki kabla hajaiona, na muziki wa baa moja utamfikia kabla haujakwisha ule wa baa aliyoipita.

Twasema haya bila kusahau jambo moja la kuchekesha. Hao wasemao mchana kwamba mji hauna kitu, usiku ndio waliojaa katika viti vya baa hizo hizo.

Wafaa wakumbushwe pia kwamba mji huu haukudumu kwa ajili ya maofisi. Reli ilijengwa kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi, ikamalizika mwaka 1950. Na mgodi ule ukafungwa mwaka 1960. Miaka kumi tu! Mji uliojengwa kwa ajili ya mgodi ungaliweza kufa pamoja na mgodi wake, lakini haukufa, maana walibaki watu waliolima, waliouza na waliopika. Baadaye, mwaka 1973 na 1978, Katumba na Mishamo zilifunguliwa kwa Warundi waliokimbia mauaji ya kwao ya mwaka 1972. Wakapewa msitu, wakaugeuza mashamba, na wengi wao wakapewa hati za uraia wa Tanzania tangu mwaka 2014. Mkoa wa Katavi wenyewe ni wa mwaka 2012 tu. Maofisi mengi tunayojivunia yalikuja yakakuta sufuria zimekwisha kuinjikwa.

Sasa tufike penye kidonda. Mama lishe wengi wa mji huu wana daftari, daftari la shule la kawaida, na ndani yake yameandikwa madeni ya chakula. Tulionyeshwa moja. Mwenyewe hakujua majina ya wadeni wake wote, kwa hiyo amewaandika kwa alama: yuko Bwana Miwani, yuko Mwalimu Mfupi, yuko Kaunda Suti, yuko Yule wa Mafaili. Tulipoyasoma tulicheka, kisha kicheko kikatutoka, kwa sababu wawili kati ya hao tuliwatambua, na mmoja alikwisha kuhamishwa zamani. Tulimwandalia karamu ya kumuaga, tukamsifu kwa hotuba tatu, na hakuna aliyemwuliza kama amelipa alichokula.

Hesabu yake si ndogo kama isemwavyo. Tuseme sahani moja ni shilingi 2,000, na mtu ala mara mbili kwa siku, siku ishirini na sita za mwezi. Hizo ni shilingi 104,000. Wakiwa watatu wa namna hiyo, ni shilingi 312,000 zilizotoka katika mtaji wa mwanamke ambaye hununua unga, mkaa na mafuta kwa fedha taslimu kila kukicha. Yeye hana mwisho wa mwezi. Mwenye duka la mkaa hamngojei mpaka Yule wa Mafaili apate mshahara.

Wako watakaojibu kwamba fedha za uhamisho hukawia, na kwamba malimbikizo ya mtumishi huweza kungoja hata mtoto aliyezaliwa siku ya kuyaomba aanze shule. Hatulikatai neno hilo, kwani sisi wenyewe tumeyangoja. Lakini mtu aliyekawilishiwa haki yake ndiye apaswaye kujua zaidi uchungu wa kukawilishwa. Na twauliza: fedha hizo zipatikanapo, mbona hufika kwanza kwa muuza simu na kwenye meza ya baa, na kwa mama lishe haziji kabisa? Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Wenzetu wengine wameyaondoa hata matanga. Wamebakiza harusi peke yake.

Liko neno zito zaidi. Mwanamke yule hawezi kumdai karani kama amdaivyo mwendesha bodaboda. Mwezi Desemba mwaka 1968 hatukuwapo wengi wetu, lakini Desemba ya mwaka 2018 twaikumbuka sote, Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayakuzidi shilingi milioni nne, kila kimoja kwa shilingi 20,000, ili wasisumbuliwe tena kwa ushuru wa kila siku. Deni la mlaji mmoja wa mwezi mmoja, kwa hesabu yetu ya hapo juu, lapita vitambulisho vitano. Na karatasi za namna hiyo, za leseni, za kizimba sokoni, za kuhamishwa mahali pa biashara, huandikwa na nani? Huandikwa nasi. Tulipomwuliza mama yule kwa nini hamfuati mdeni wake ofisini, alitujibu kwamba hajui ni siku gani atapeleka shida yake kwenye dirisha lile lile. Basi deni letu kwake si deni tu. Lakaribia kuwa kodi isiyo na stakabadhi.

Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga mwaka 1922, mtumishi Mwafrika alikuwa akiitafuta heshima yake mbele ya wakubwa wa kikoloni. Tangu hapo vyama vya namna yetu vimeandika barua zisizo na idadi vikidai mishahara, nyumba na malimbikizo. Sisi ni hodari wa kudai. Tuna namba za kumbukumbu, tuna nakala, tuna mihuri. Yeye ana daftari la shule na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Kwa hiyo twaleta hoja. Mwanachama ye yote apatapo barua ya uhamisho, katibu wa tawi na aende pamoja naye, kwa miguu, kwa wale wote anaokula kwao, na asiandaliwe karamu mpaka madaftari yamefutwa mbele ya macho ya katibu. Karamu yenyewe na ipikwe na mmoja wa mama hao, naye alipwe kabla hajawasha moto. Kwa walioondoka bila kulipa, tawi litoe fedha katika mfuko wake kwanza, kisha liwaandikie huko waliko, na nakala kwa tawi lao jipya.

Hoja hii itasomwa katika mkutano ujao wa tawi. Asiyeipenda na asimame aseme sababu zake, ila tumekwisha kumwomba mama yule atuazime daftari kwa siku hiyo, naye amekubali.