Kente ya kuchapwa usiiite ya kufumwa

Wadau, hili wengine hawatalipenda. Kama unauza kitambaa cha kiwandani chenye maua ya kente, andika hivyo hivyo: kimechapwa. Mimi nauza hicho hicho, tangazo langu linasema, na oda zinakuja.

Kente yenyewe inafumwa kwa mkono huko Ghana, Bonwire karibu na Kumasi wanajulikana sana. Mfumaji anakaa ndani ya kitanda cha kufumia, nyuzi za mtande zimevutwa mbali mbele yake. Anakanyaga kwa vidole vya miguu, nyuzi zinaachana, anapitisha uzi wa mshindio, anaubana. Tena. Tena. Kinachotoka ni utepe wa kama sentimita 10 tu! Nguo ya kujifunga mwanaume inataka tepe zaidi ya 20, zishonwe ubavu kwa ubavu. Kuna nakshi inaitwa Adweneasa, maana yake kama "ubunifu umeisha", mfumaji kamaliza ujuzi wake wote hapo. Jina lenyewe tu ni tangazo.

Sasa kazi hiyo unaiandika kwenye kitambaa cha bei ya kitenge? Unamuibia mfumaji, na anayeuza ya kweli anaonekana mwizi kwa bei yake.

Kuitambua, usitegemee rangi ya nyuma peke yake, maana kuna za kuchapwa zinazokolea pande zote. Tafuta mishono ya tepe. Ukiwa nayo ya kweli, piga picha mgongo wake karibu kabisa. Mteja akisema "mbona ghali hivyo dada", mtumie hiyo kwanza.