Vipande vya wamama wetu si kobalti

Mu 2018, wataalamu wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha kansere za titi zaidi ya 100 zenye waliotesha mu labo. Wanakamata kipande kidogo cha uvimbe, wanakitia mu geli, kinakomea pale karibu sawa mu mwili. Dawa inajaribiwa juu yake, hapana juu ya mama.

Kazi nzuri, tunaiunga mkono. Lakini wamama wa huku Afrika kansere inawakamata wangali vijana, na aina isiyosikia dawa ya homoni iko mingi kuliko Ulaya. Bibi wa mchimbaji wa Kolwezi atapewa dawa iliyojaribiwa juu ya uvimbe wa nani?

Vipande vya kwetu viingie pia. Ila visiende sawa magunia ya kobalti, bei tunaisikia paka ku redio. Mama aulizwe kwanza, mu luga yake, na labo ikuwe Lubumbashi.