Laptopu Imezeeka? Piga Hesabu ya Kusubiri Kabla ya Kukopa

Kwa wengi Kibera na Kawangware, laptopu ni chombo cha kazi. Kuna saiba nzima pale Olympic au kando ya Naivasha Road inayotegemea mashine moja au mbili. Hapo ndipo fomu za HELB hujazwa, cheti cha eCitizen huchapishwa, na ritani za KRA hutumwa mbio mbio tarehe 30 Juni ikikaribia. Mashine ikianza kukwama, mteja hasubiri. Anahamia mlango wa pili.

Kwa hivyo tunaelewa kwa nini mtu hufungua simu usiku na kutafuta mkopo. Lakini maoni yetu ni kwamba swali la kwanza si "nitapata pesa wapi?" Swali la kwanza ni "kusubiri kunanigharimu pesa ngapi kwa wiki?"

Tupige hesabu

Tuseme laptopu unayoitaka ni shilingi 24,000 ukilipa taslimu. Muuzaji wa lipa polepole anakupa leo hii kwa malipo ya kwanza ya 8,000, kisha 800 kila wiki kwa wiki 30. Jumla unalipa 32,000.

Sasa chukua ile 8,000 uliyo nayo, uiweke kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa, na kila wiki uongeze 800 ile ile. Baada ya wiki 20 unazo 24,000. Umesubiri wiki 20 na umebaki na 8,000 yako. Kwa maneno mengine, lipa polepole inakutoza 400 kwa kila wiki ambayo hukutaka kusubiri.

Hapo uamuzi unakuwa rahisi. Kama laptopu mpya itakuingizia zaidi ya 400 kwa wiki juu ya unachopata sasa, baada ya kutoa stima, bando na karatasi, basi ichukue bila kujilaumu. Mtu wa saiba ambaye mashine yake imekufa kabisa mwezi wa Juni hana haja ya kusubiri. Lakini kama ni ya kutazama filamu, au ile ya zamani bado inafanya kazi polepole, unalipia haraka tu.

Kuna atakayeshangaa kwamba kampuni ya malipo inakuambia usubiri. Ukweli ni kwamba mteja ambaye kila shilingi yake ikiingia inakatwa deni hana biashara ya kufanya na sisi, wala na mama mboga wake.

Ile ya zamani ikununulie muda

Wiki 20 ni nyingi ukiwa na mashine inayochukua dakika kumi kuwaka. Hapo ndipo fundi anapoingia. Kama laptopu yako bado ina diski ya zamani inayozunguka, kuibadilisha kwa SSD ndiyo dawa inayoonekana haraka zaidi. Kuongeza RAM pia husaidia, na betri iliyokufa hubadilishwa. Mwambie fundi akupe bei ya kila kitu peke yake, na kabla hajafungua chochote, nakili faili zako kwenye flashi.

Kanuni yetu ni hii: kama matengenezo yanapita thuluthi moja ya bei ya laptopu unayoiwekea akiba, acha. Pesa hiyo iende kwenye akiba.

Usinunue uzee mwingine

Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha walipewa nafasi ya kupata marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine haizimiki siku hiyo, lakini mianya ya wezi haizibwi tena. Kwa mtu anayeingiza nywila za wateja wake siku nzima, hilo si jambo dogo.

Kwa hivyo ukienda Luthuli Avenue au Moi Avenue kutafuta ex-UK, usidanganywe na mwili unaong'aa. Kwa laptopu za Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8. Ndiyo maana HP EliteBook 840 G3 na 840 G5 zinaweza kufanana machoni, lakini G3 iko nyuma ya mstari na G5 kwa kawaida imeuvuka. Muuzaji anaweza kulazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani. Wewe amini namba ya prosesa.

Iwashe bila chaja kwa nusu saa. Jaribu kibodi yote, kamera, Wi-Fi na matundu ya USB. Izime na uiwashe tena uone kama inadai nywila ya kampuni iliyokuwa nayo zamani. Ikidai, toka.

Siku ya kulipa

Usitume malipo ya kwanza kwa mtu uliyemwona mtandaoni "akuwekee." Lipa ukiwa dukani, laptopu ikiwa mbele yako. Lipa kwa namba ya till au paybill ya duka, na kabla ya kukamilisha malipo soma jina linalotokea. Likiwa jina la mtu mwingine, uliza. Ukituma kwa namba ya kibinafsi na pesa ikatolewa, kuirudisha ni kibarua.

Hifadhi ule ujumbe wa malipo, na udai risiti ya karatasi yenye namba ya serial ya mashine na muda wa waranti. Siku polisi watakapouliza umeitoa wapi, hizo mbili ndizo zitakazokujibia.

Na kama hesabu imekuonyesha ukope, angalia kwanza kama mkopeshaji yuko kwenye orodha ya Benki Kuu ya Kenya, kisha uliza jambo moja kabla ya kukubali: nikikosa wiki moja, inakuwaje? Asiyekuwa na jibu la wazi, mwache na laptopu yake.