Barua ya wazi kwa TBS: pimeni magadi kwanza

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania,

Tangu usalama wa chakula uhamishiwe kwenu mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), kinachoingia kwenye sufuria ya mtu wa Nduruma kimo katika dhamana yenu. Ndiyo maana nawaandikia kuhusu magadi, na kuhusu imani kwamba mlonge, habasoda au tangawizi vitazikinga tezi zetu na madhara ya viongeza vya chakula.

Imani hiyo ina chanzo. Katika maabara, panya wamelishwa glutameti au rangi ya tatrazini kwa wingi, na waliopewa pia dawa iliyokamuliwa kwenye mimea tezi zao zikaonekana kuumia kidogo kuliko za wenzao. Nayaheshimu majaribio hayo. Lakini panya hupewa kipimo kinachojulikana cha sumu na cha dawa. Mama anayechemsha majani ya mlonge hakijui hata kimoja. Wala mmea hauwi rafiki wa tezi kwa kuwa mmea tu. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huinyima tezi ya shingo madini joto, na rovu huota pale yanapopungua. Kinga ya tezi hiyo iliyothibitika kwa binadamu ni kiongeza chenyewe: madini joto kwenye chumvi, yaliyowekwa kwa kanuni na kwa kipimo.

Sasa tazameni miteremko ya Meru. Miamba ya volkano huyapa maji mengi ya huku floraidi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, ukomo wa Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto yanaonyesha matokeo. Watafiti wa kituo cha Ngurdoto wamehangaika miaka mingi kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Kisha maji hayohayo yaliyochujwa yanapikiwa maharage na makande, na magadi, ambayo nayo huwa na floraidi, yanatiwa ili vyakula hivyo viive upesi! Miaka ya 1990 watafiti nchini walihusisha magadi na meno yaliyoharibika hata kwenye vijiji ambavyo maji yake yana floraidi kidogo. Kwa tezi ya shingo ushahidi haujawa mzito kama wa meno na mifupa, ingawa madaktari wa Ulaya waliwahi kuitumia floraidi kutuliza tezi iliyozidi kufanya kazi. Meno na mifupa pekee vinatosha kuwafanya mchukue hatua.

Nitajibiwa kwamba magadi huokoa mkaa. Ni kweli, na kwa mwenye kipato kidogo hilo si jambo dogo. Kuloweka maharage usiku kucha kunasaidia, lakini sitaki mzigo wote umwangukie mpishi. Wala simtaki mgambo amwage magadi ya mchuuzi gulioni. Floraidi hutofautiana chanzo hadi chanzo, hivyo pimeni yanakochimbwa na yanakouzwa kwa jumla, mkishirikiana na Chuo cha Nelson Mandela kilichopo Tengeru. Wekeni ukomo, mtangaze vyanzo vilivyo salama kwa Kiswahili, na msiruhusu kifungashio chochote cha mitishamba kiahidi kulinda tezi kabla ya kuthibitishwa kwa binadamu.

Mwananchi wa Nduruma, Arusha