Mikaratusi itoke kwenye vinamasi

Mvua zikianza, Kisii na Nyamira hakukosekani sherehe za kupanda miti. Tunaziunga mkono. Ila katika kaunti hizi mbili tatizo si uchache wa miti pekee. Kuna miti mingi iliyopandwa pasipofaa. Mikaratusi imejaa kwenye vinamasi na kingo za mito, na huko ndiko kazi ya kufufua ardhi ianzie.

Mkaratusi hunywa maji mengi. Ukiwa kwenye majimaji, huyakausha. Mafunjo hufa, vyura hutoweka, na korongo taji, anayejenga kiota chake katikati ya nyasi za kinamasi, hukosa pa kutagia. Tangu 2012 ndege huyu yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kuangamia. Kwingine wafyatuaji matofali huchimba udongo, kisha huacha mashimo ya maji yaliyotuama.

Binadamu naye haponi. Mto Gucha hutoka nyanda za juu za Nyamira, hupita Kisii na Migori hadi Ziwa Victoria. Vinamasi kama Sironga hushika maji ya masika na kuyaachilia polepole. Vikikauka, masika huleta mafuriko na kiangazi huleta foleni za mitungi kwenye chemchemi.

Sheria si haba. Kanuni za kulinda ardhioevu na kingo za mito zilitoka 2009. Mwaka huo huo John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliamuru mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Bado ipo. Kwa sensa ya 2019, Kisii ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba. Mwenye robo eka bondeni hana shamba jingine, na mti wake una soko: kuni za viwanda vya majani chai, mbao, nguzo. Ukimwambia akate bila kumwambia atakula nini, atakuitikia, nawe ukiondoka ataendelea na mambo yake.

Kwa hivyo tunataka hatua nne. Kaunti zianze na ardhi ya umma, ili mwananchi aone kwamba serikali nayo inakata. Mwenye shamba apewe miche ya mianzi na ya miti ya kiasili bila malipo, pamoja na fidia hadi apate mavuno ya kwanza. Viwanda vya chai vikatae kuni zilizokatwa kwenye vinamasi. Na visiki ving'olewe au vichunwe magome hadi ardhini, kwani mkaratusi uliokatwa tu huchipua upya.

Mafunjo hayahitaji kupandwa kwa sherehe. Maji yakirudi, nayo hurudi. Bajeti za kaunti zijazo zitenge pesa za kazi hii, na wawakilishi wadi wasizipitishe zikikosa fungu hilo.